Mwaka Ambao Ntumba Alitibu Kuku Wake

Ntumba aliishi Dilala, katika zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake zamani, zilizofanana kama mikate ya kalibu moja. Nyuma ya kila nyumba kuna lupango, yaani ua wenye ukuta mfupi. Wake ulikuwa na mti wa parachichi uitwao huko avoka, bomba lililokauka, na banda la kuku alilolijenga mwenyewe kwa mabati ya kuokota. Watu wa mtaa walimfahamu kwa mayai yake. Walimjua pia kama mwanamke asiye na maneno mengi, na kanisani walimhesabu miongoni mwa wapole.

Mumewe, Beya, alikuwa fundi wa pampu kiwandani, upande wa Kingamyambo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nene, na wenzake walimpenda kwa sababu alijua kusimulia mambo. Ukimkuta barabarani alikusalimia kwanza yeye. Nyumbani alikuwa na mkono wa kulia mwepesi. Hakumpiga mkewe kwa hasira, na hilo ndilo Ntumba hakuweza kulieleza kwa mtu yeyote. Alimpiga kama mtu anavyofunga mlango aliokuta wazi, kisha akaendelea na alichokuwa akisema.

Lakini vipigo Ntumba alivizoea. Jambo ambalo hakulizoea lilikuwa moja. Mama yake alipougua huko Mwene-Ditu, ndugu zake walipiga simu, naye akafunga nguo zake katika kitenge. Beya alikikuta kile kifurushi mlangoni. Akakibeba mpaka chumbani, akakifungua juu ya kitanda, akarudisha nguo moja baada ya nyingine kabatini, akizikunja vizuri, pembe kwa pembe.

“Huko beko bantu ba kumuangaria,” alisema. “Huku nani ataniangaria mi?”

Simu ya pili aliipokea Beya mwenyewe. Hakumwambia mkewe. Alikula, akaenda kazini, akarudi, akala tena. Ntumba alikuja kuambiwa kwamba mama yake amekufa wakati matanga yalikuwa yamekwisha na watu wametawanyika.

“Sikutaka ulie mara mbili,” Beya akamwambia, akacheka kidogo, kama mtu aliyemfanyia mwenzake hisani.

Baada ya hapo ndipo Ntumba alipoanza kufuga. Mwanamke mmoja wa kanisani alimpa mtetea na vifaranga, na Beya aliwaruhusu kwa kuwa alipenda yai la kukaanga asubuhi. Kuku wale walijifunza haraka. Beya alipofungua lango walitawanyika mpaka nyuma ya choo, maana kiatu chake hakikuchagua mdogo wala mkubwa. Ntumba aliwatazama wakikimbia akajua kwamba katika nyumba ile hakuwa peke yake.

Watoto wao walikua, wakaoa, wakaolewa, wakaenda Lubumbashi na mbali zaidi. Halafu asubuhi moja Beya alikuwa amesimama mbele ya kioo, nusu ya uso imenyolewa na nusu ina sabuni, akaanguka. Kiharusi. Hospitalini walimfanyia walichoweza, wakamrudisha nyumbani akiwa na upande wa kulia uliokufa, mdomo uliopinda, na neno moja tu lililobaki kati ya maneno yake yote, tena si neno: “Ba.” Kichwa nacho kilikuwa kikitikisika juu na chini kila alipopandwa na hasira, na hakuweza kukizuia. Watoto walikuja wakalia, wakakaa kidogo, wakarudi kwao. Wanawake wa kanisa walimshika Ntumba mabega wakamwambia Mungu ampe nguvu.

Nguvu alizipata. Siku aliyobaki naye peke yake kwa mara ya kwanza, alivuta kiti, akaketi mbele yake, akamtazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Beya alikuwa wa kwanza kugeuza macho.

Hakumpiga, hata siku moja. Alimwosha kila asubuhi, akambadilisha nguo, akamgeuza ubavu ili asipate vidonda, na kweli hakupata. Mtu yeyote angeingia ghafla asingeona kosa. Lakini kikombe cha maji alikiweka upande wa kulia, kwenye mkono uliokufa. Redio aliifungua mchezo wa mpira ulipoanza na kuizima ulipokolea. Kuku walikula kwanza, mbele ya macho yake, na chakula chake kikaja kikiwa kimepoa. Alipokuwa na mgeni alimsema Beya kama kitu kilichomo chumba kingine: leo amelala vizuri, leo amechafua shuka mara mbili. Jioni, wakati wa kumwingiza ndani, alimkunjia blanketi vizuri, pembe kwa pembe.

Mchana alimketisha kwenye kiti cha mbao chini ya mti wa avoka, karibu na banda, akampa fimbo ndefu katika mkono wa kushoto.

“Fukuza mwewe,” alimwambia. “Kila mutu wa hapa anatumika.”

Mwaka wa pili wa ugonjwa wa Beya, mvua zilikuja nzito. Udongo wa lupangoni haukukauka hata siku moja, na takataka za bandani zikaanza kunuka. Ntumba akaona kuku wake wanabadilika. Walikula, tena kwa pupa, lakini walizidi kukonda. Alipomshika mmoja kifuani, mfupa ulimkata kidole kama ukingo wa bati. Vilemba vyao vyekundu vilipauka vikawa na rangi ya ufizi wa mgonjwa. Walisimama wamejikunja na mabawa yameshuka, kinyesi chao majimaji, na mayai yakapungua mpaka akawa anatoka bandani na kikapu kitupu. Kwanza aliogopa kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima kwa pigo moja. Lakini hawa hawakufa kwa pigo moja. Walikuwa wanaisha polepole.

Kuku mmoja mchanga akafa. Ntumba hakumtupa. Alileta meza ndogo ya jikoni, akaiweka mbele ya kiti cha Beya, akamlaza kuku juu yake na kumpasua tumbo kwa kisu. Akavuta utumbo, akauchana kwa urefu. Ndani ulikuwa umejaa minyoo, mirefu, myeupe, imesongamana kama makaroni yaliyochemshwa, na mingine bado ilikuwa inajinyonganyonga.

Akainua fundo la minyoo kwa ncha ya kisu mpaka usawa wa pua ya mumewe.

“Ona, Beya. Hii kuku ilikuwa inakula kila siku, lakini kunona hapana. Hibi bitu njo bilikuwa binakula.”

Beya akageuza uso. Ntumba akamshika kidevu kwa vidole vilivyolowa maji ya matumbo, akaurudisha uso mahali pake.

“Angaria. Hata mi nilikuwa vile mu nyumba yako. Nilikuwa nakula, kunona hapana.”

Kichwa cha Beya kikaanza kutikisika. Ntumba alingoja mpaka kitulie, ndipo akakusanya uchafu ule, akauchoma moto kwenye pipa, akanawa mikono.

Kesho yake alipanda teksi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka sokoni, kwenye kibanda cha dawa za mifugo cha Guelord, kijana mmoja mtaratibu ambaye alifanya kazi akiwa amevaa koti jeupe lenye mafuta kwenye mifuko. Guelord alimsikiliza mpaka mwisho.

“Ni minyoo, mama,” alisema. “Mangaribi utatosha mayi yote mu banda. Balale na kiu. Asubui mapema utabapatia mayi yenye dawa, kiasi tu ya kumaliza. Kama unaweka mingi batabakisha, na kama banabakisha dawa haifanye kazi.”

“Mara moja tu?”

“Hapana. Utarudilia kisha wiki fulani, juu dawa inaua minyoo yenye imekomaa. Ile midogo inabakia, na mayai yabo iko mu bulongo. Tosha takataka yote, choma, mwanga chokaa. Na kitu moja tena, mama.” Akagonga kwa ukucha maandishi madogo ya kwenye paketi. “Nyama yabo musikule na mayai musiuzishe mpaka wakati hii ipite. Dawa inabakiaka mu mwili.”

Akampa paketi mbili, moja ya sasa na moja ya kurudilia. Ntumba alimwomba amwambie tena habari ya nyama, na Guelord akamwambia tena.

Alifanya kama alivyoelekezwa. Alikwangua sakafu ya banda mpaka akafika kwenye udongo mgumu, akachoma kila kitu, akamwaga chokaa. Jioni akaondoa maji. Asubuhi jua lilitoka, jambo la nadra msimu ule, na kuku walishuka kutoka kwenye vijiti midomo wazi. Ntumba alichanganya dawa katika beseni, akaimimina kwenye jerikani iliyokatwa ubavuni, akaiweka chini ya mti wa avoka kwa kuwa ndiko walikozoea kukusanyika. Halafu akaingia jikoni kuchukua jerikani ya pili.

Alisikia kishindo cha plastiki. Alipotoka, jerikani ilikuwa imelala ubavu, na maji yenye dawa yalikuwa yanazama kwenye udongo mwekundu huku kuku wakiyadonoa matope. Fimbo ya Beya ilikuwa bado imenyooka juu ya jerikani. Hakuiondoa. Alimtazama mkewe, na ile nusu ya mdomo wake iliyokuwa hai ikapanda juu.

“Ba,” alisema.

Ntumba hakupiga kelele. Aliketi juu ya tofali akamwangalia. Kumbe alikuwa bado yumo mle ndani, Beya mwenyewe, yule yule wa miaka yote. Jambo hilo likamfurahisha kwa namna ambayo hakuitegemea, maana kumtesa mtu ambaye hayupo ni kazi bure.

“Sawa,” alisema. “Vizuri sana.”

Akachukua fimbo mkononi mwake na kuiweka juu ya bati la banda. Akafungua paketi ya kurudilia, akachanganya upya, akaweka maji upande wa pili wa ua. Kuku wakakimbilia huko wakanywa, wakiinua vichwa na kushusha, wakiinua na kushusha. Beya alikuwa hajapewa kitu tangu alipoamshwa. Alifungua mdomo, akaonyesha kikombe kwa kidole.

“Leo benye kiu bako na mustari,” Ntumba akamwambia. “We ni wa mwisho.”

Na akawa wa mwisho kweli. Jua lilizunguka mti likamfikia kichwani kabla kuku hawajamaliza, na Ntumba hakusogeza kiti. Jerikani zilipokauka ndipo alipomletea kikombe, akakiweka kulia, akaingia ndani kumenya mihogo. Aliporudi Beya alikuwa amejipinda mpaka karibu aanguke, vidole vya kushoto vinagusa kishikio cha kikombe bila kukishika. Akamnywesha.

Kesho yake banda lilikuwa limejaa minyoo, imetoka na kinyesi kwa mafundo. Ntumba alifagia kila siku na kuchoma. Fidélie, jirani yake wa upande wa ukuta, mwanamke mnene mwenye huruma ya haraka, alichungulia akashika mdomo. Akasema mwanamke anayeangalia mgonjwa na bado ana nguvu ya kuhangaika na kuku namna ile, huyo Mungu anamwona.

Kuku wakaanza kupona. Vilemba vilirudia wekundu, vifua vikajaa, majogoo wakaanza tena kugombana. Mmoja tu alikawia. Alikuwa mtetea wa kishingo, wale ambao shingo yao haina manyoya, mwembamba, mwenye macho ya woga. Wenzake walikuwa wamezoea kumfukuza chakulani, na siku ya dawa alikuwa amepata matone machache tu. Huyu alijificha chini ya kiti cha Beya, kwa kuwa hapo hapakuwa na anayemdonoa. Ntumba, akiwa dirishani pa jikoni, alimwona Beya akibana tonge la bukari, ugali wa kwao, kwenye sahani yake mwenyewe, akilikandakanda kwa vidole vya kushoto, akiliangusha pembeni mwa kiti. Kishingo akala. Siku nyingine akaruka mpaka gotini. Siku nyingine akaketi pale mapajani, akajikunja, akafumba macho.

Na Beya akampapasa. Mkono wake wa kushoto ulianza shingoni, ukashuka mgongoni, ukafika mkiani, ukarudi shingoni, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Ntumba alisimama pale dirishani mpaka mboga zikaungua. Katika maisha yao yote ya ndoa mkono ule haukuwahi kumgusa hivyo, wala ule mwingine. Alikuwa hajui kama Beya anajua kufanya vile. Sasa alijua kwamba Beya alijua siku zote.

Kishingo akanenepa kuliko wote.

Siku hizo ndipo Tina alipokuja. Tina alikuwa dada mdogo wa Beya, muuza vitenge huko Likasi, na mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba kaka yake anadhoofika. Alishuka kwenye teksi-moto na begi tupu la nguo, na Ntumba akalifahamu lile begi mara tu alipoliona.

“Shemeki, nimekuya kubeba yaya,” Tina alisema hata kabla ya kuketi; yaya ndivyo alivyomwita kaka yake. “Kule kwangu iko batoto ba kumuangaria. We pia upumuzike.”

“Karibu kwanza,” akasema Ntumba.

Beya alikuwa amevaa shati safi. Hakuwa na kidonda, hakuwa na harufu, kucha zake zilikuwa zimekatwa. Tina alimkagua kama mtu anayekagua kitambaa, akakosa kasoro, na hilo likamwudhi. Akapiga magoti mbele ya kiti.

“Yaya, unataka twende wote Likasi?”

Kichwa cha Beya kikaenda juu na chini, juu na chini, na machozi yakamtoka jicho moja.

“Unaona?” Tina akamgeukia Ntumba. “Anasema ndiyo.”

“Anasemaka ndiyo kwa kila kitu,” Ntumba akajibu kwa upole. “Ni ugonjwa. Hata daktari alinielezaka. Muulize kitu ingine.”

Tina akamfuta kaka yake machozi. Basi Ntumba akainama karibu na uso wa mumewe, karibu sana, hata akaona mishipa myekundu machoni mwake. Alijua hasa atakachokifanya. Alijua kile kichwa kuliko anavyojua vyungu vyake.

“Beya,” alisema. “We ni kuku?”

Beya akamtazama. Damu ikampanda usoni. Alijaribu kujizuia, Ntumba aliona jinsi alivyokaza shingo, jinsi alivyouma meno. Halafu hasira ikamshinda, na kichwa kikaanza: juu na chini, juu na chini.

“Unataka nikukate shingo leo, tukupike?”

Kichwa kikazidi. Sauti ikamtoka, “ba, ba, ba,” na mate yakashuka kwenye shati safi. Ntumba akatoa kitambaa kiunoni akamfuta.

Tina alikuwa amefunika uso kwa mikono. Alilia kwa muda, kisha akasimama akamkumbatia Ntumba.

“Unisamehe, shemeki. Banadanganya. Nilikuwaza mubaya.”

“Hapana kitu,” akasema Ntumba. “Ni ndugu yako. Ni haki uumie.”

Tina alipoondoka aliomba mayai machache ya kubeba. Ntumba akamnyima, akamweleza kwamba kuku wako kwenye dawa na mayai yao hayajafaa kuliwa. Tina akamshukuru hata kwa hilo. Begi likarudi tupu kama lilivyokuja. Chini ya mti wa avoka Beya alilitazama lango mpaka giza lilipoingia.

Ntumba alinunua paketi nyingine, na siku ya kurudilia dawa ilipofika akawapa kuku wote isipokuwa mmoja. Kishingo alimfunika na tenga nyuma ya nyumba, na kibakuli cha maji safi. Wakati ule aliosema Guelord ulikuwa karibu kwisha kwa dawa ya kwanza, na Ntumba hakutaka aanze kuhesabu upya. Hakuwa mtu wa kumlisha mgonjwa nyama yenye dawa.

Alingoja mpaka wakati ukapita, kisha akaongeza siku kidogo kwa usalama. Katika siku hizo alimwona kishingo akipanda mapajani kila mchana. Hakuwasumbua.

Halafu adhuhuri moja Beya alipokuwa amesinzia kitini, Ntumba alimchukua kishingo kutoka mapajani mwake kwa mikono miwili, taratibu, kama anayebeba mtoto aliyelala. Kuku hakupiga kelele. Alikuwa amezoea kushikwa.

Alimpika vizuri, kwa nyanya, vitunguu na mafuta ya mawese kidogo, moto mdogo mpaka nyama ikaachia mfupa. Beya aliamka kwa harufu. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu alipougua, yeye alikula kabla ya kuku. Ntumba aliketi karibu naye akamlisha kwa kijiko, akichambua mifupa kwa vidole. Beya alikula kwa hamu. Mchuzi ulimtiririka kidevuni, na Ntumba akaufuta. Mara moja, kati ya kijiko na kijiko, aliinua macho akamtazama mkewe, na jicho lile lilikuwa na kitu kama shukrani. Mkono wa Ntumba ukasimama hewani. Ungeweza kurudi kwenye bakuli. Kisha ukaendelea na safari yake, na Beya akafungua mdomo.

Alipomaliza, alibakisha tonge la bukari kiganjani. Akalikandakanda, akaliangusha pembeni mwa kiti.

“Ba,” aliita. “Ba.”

Kuku wengine wakaja mbio, wakaligombania. Beya akawafukuza kwa mguu wa kushoto, akatazama chini ya kiti, akatazama upande wa banda. “Ba. Ba.” Aliita kwa sauti ndogo ambayo Ntumba hakuwahi kuisikia kabla, ya mtu anayebembeleza.

Ntumba alikuwa anakusanya vyombo.

“Hatakuya,” alisema.

Beya aligeuka akamtazama. Kisha akalitazama bakuli alilolishika mkewe, na kwenye ukingo wa bakuli palikuwa na kipande cha shingo, ngozi yake laini, isiyo na tundu hata moja la unyoya.

Sauti iliyomtoka ilimfanya Fidélie apande juu ya tofali upande wake wa ukuta.

“Mama Ntumba, kuko nini?”

“Hapana kitu, mama,” akasema Ntumba. “Leo amekula muzuri.”

Siku zilizofuata Beya alifunga mdomo. Kijiko kiligonga meno kikarudi. Ntumba hakumlazimisha. Alileta chakula kwa saa yake, akakiondoa kwa saa yake. Mwishowe, asubuhi moja, mdomo ulifunguka wenyewe, bila yeye kuinua macho, kwa kuwa tumbo halijui aibu. Ntumba akatia uji.

Lakini tangu siku hiyo kitu kilikwisha. Ntumba alifungua redio akaizima katikati ya mpira, Beya hakugeuka. Alimrudishia fimbo, ikaanguka, ikalala hapo. Alileta jerikani za maji akaziweka karibu na mguu wake, na hakuna aliyezimwaga. Siku moja alimkamata mtetea mwingine, mweupe, mzuri, akamweka mapajani mwake. Mkono wa kushoto ulibaki juu ya mbao za kiti kama mwenzake wa kulia. Mtetea akajikung'uta, akaruka chini.

“Beya,” Ntumba alimwita. Akamwita tena. Akamwambia habari ya mama yake, jinsi alivyomficha kifo, maneno yote, kwa mara ya kwanza, amesimama mbele yake na mikono kiunoni, sauti inapanda mpaka Fidélie akaacha kupepeta mchele. Kichwa cha Beya hakikutikisika. Alikuwa anatazama mahali fulani kwenye ukuta, wala si ukuta alioutazama.

Mvua zikakatika, likaja vumbi na baridi ya Julai. Kuku wa Ntumba walikuwa wanono, wanataga kila siku, na wanawake wa mtaa walikuja kumwuliza siri ya dawa. Aliwaeleza kila kitu, mpaka habari ya kutokula nyama kabla ya wakati.

Beya alikufa mchana mmoja, kitini, chini ya mti wa avoka. Ntumba alikuwa akienda na kurudi karibu naye akibadilisha takataka za banda, na hakugundua mpaka alipokuja kuchukua sahani. Alimgusa shingoni.  Jioni ilikuwa inaingia na wezi wa kuku ni wengi Dilala, kwa hiyo aliwaingiza kuku bandani kwanza, akafunga kufuli, ndipo akaenda ukutani kumwita Fidélie.

Fidélie alikuja mbio, kitenge kinamwanguka. Alipiga magoti akaushika mkono wa Beya, akaanza kulia kwa ajili yao wote wawili.

“Alikufa saa gani, mama?”

“Sijui,” akasema Ntumba. “Nilikuwa na bakuku.”